Mtandao unasumbua? Soma namba kabla ya kupanda kilima

Katika vijiji vingi vya Kilolo, Makete na Ludewa, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kuna mahali ambapo kila mtu anajua kuwa ndipo mtandao unaposhika. Panaweza kuwa kwenye jiwe, kona ya barabara, au chini ya mparachichi nyuma ya ofisi ya kijiji. Ikifika jioni utawakuta watu wamesimama hapo, simu juu. Mahali hapo pamepatikana kwa uzoefu wa miaka na mara nyingi ni pa kweli. Kinachonisikitisha ni kuona mama amefunga kibanda chake na kwenda huko kwa tatizo ambalo kilima hakiwezi kulitatua: bando limeisha, laini imechakaa, mnara umezidiwa na watu, au simu imeng'ang'ania mnara usioifaa. Yote hayo tunayaita jina moja, kwamba mtandao unasumbua, kisha tunayatafutia dawa moja.

Simu janja iliyo mfukoni mwako ni kipimo tosha. Inaweza kukuonyesha kama shida ni nguvu ya mawimbi, ubora wake, au kitu kingine kabisa. Ukishajua hilo ndipo unaamua kama kuna haja ya kutembea, na kama ipo, uelekee wapi. Katika milima yetu huko kuelekea wapi ndiko kwenye kazi, kwa sababu hatua zilezile ukizipiga upande usiofaa zinakuzamisha zaidi.

ACHANA NA VIJITI

Vijiti vya juu ya kioo havina kipimo kimoja. Kila kiwanda kinaamua chenyewe nguvu gani iitwe vijiti viwili na ipi iitwe vinne. Weka simu mbili za aina tofauti juu ya meza moja, zote zikiwa na laini za kampuni moja, uone zinavyopingana.

Namba ya kuaminika huandikwa kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, na siku zote ina alama ya kutoa mbele. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -105. Kwenye simu nyingi za Android utaikuta ndani ya Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, kwenye taarifa za hali ya SIM. Njia ya mkato ni kubofya *#*#4636#*#* mahali unapopigia simu, na ukurasa hufunguka wenyewe. Samsung nyingi hutumia *#0011#. Kwenye iPhone andika *3001#12345#* kisha bonyeza kitufe cha kupiga. Mwenye Android yenye nafasi apakue NetMonster, CellMapper au Network Cell Info Lite, maana hizi huonyesha pia namba ya seli (sehemu ya mnara) inayokuhudumia na masafa yake, na taarifa hizo utazihitaji huko mbele.

Ukiwa kwenye 4G, tafuta herufi RSRP, ndiyo nguvu ya mawimbi ya 4G. Kuanzia -80 kwenda juu ni nzuri sana. Ikiwa kati ya -80 na -95 kila kitu kinatakiwa kwenda vizuri. Kuanzia -95 hadi -105 unaweza kufanya kazi, ila ukiingia chumba cha ndani itaanza kukatika. Ikishuka chini ya -110 utahangaika, na karibu na -120 simu inashika kwa shida tu. Usilinganishe namba ya 4G na ya 2G moja kwa moja, kwa kuwa RSRP hupima kipande chembamba cha mawimbi na hivyo huonekana ndogo kiasili. Kwenye 2G, -100 ni karibu na mwisho wa safari. Kwenye 4G bado unafanya kazi.

Simu nyingine huandika ASU badala ya dBm. Kwa 4G, chukua ASU utoe 140. ASU 40 ni sawa na -100.

Jambo moja ambalo watu hulipuuza: namba hizi haziendi kama za rula. Ikipanda kwa 3, nguvu imekuwa maradufu. Ikipanda kwa 10, imekuwa mara kumi. Mtu aliyesogea kutoka -110 hadi -100 asiseme amepata nafuu kidogo.

Halafu vumilia. Simu husasisha namba kila baada ya sekunde kadhaa, si papo hapo. Ukitembea huku unasoma, unachokiona ni namba ya pale ulipotoka. Piga hatua mbili, simama, subiri sekunde kumi, soma, ndipo usogee.

DALILI: NJE UPO, NDANI HAKUNA

Hii ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na mshitakiwa wa kwanza ni bati. Mawimbi ya simu hayapenyi chuma. Nyumba ya tofali za kuchoma yenye paa la bati hupokea mawimbi kupitia madirisha, milango na kuta, na kila ukuta unakata sehemu yake. Kama mnara uko juu mlimani na nyumba iko chini yake, njia iliyonyooka zaidi ilikuwa inapita juu, na huko ndiko bati lilikolala.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu pale Uyole. Uani, palipo wazi, simu inasoma -93. Ukiingia sebuleni na kukaa kwenye kochi lililoegemea ukuta wa nyuma, inashuka hadi -112. Unaamka, unakwenda dirisha la upande wa barabarani: -108. Dirisha la upande wa pili: -100. Hapo hujatoka nyumbani na tayari umepata zaidi ya mara kumi ya nguvu uliyokuwa nayo kwenye kochi. Sasa acha simu kwenye kizingiti cha dirisha hilohilo na uisogeze kiganja kimoja kushoto, usubiri, kisha kiganja kimoja kulia. Namba itapanda na kushuka tena, pengine kwa 5 au zaidi.

Mchezo huo wa kiganja una sababu yake. Ndani ya nyumba mawimbi hufika kwa njia nyingi, mengine yamegonga ukuta, mengine bati la jirani, na yanapokutana kuna mahali yanasaidiana na mahali yanauana. Umbali kati ya mahali pazuri na pabaya hutegemea urefu wa wimbi. Kwenye masafa ya 800 MHz wimbi lina urefu wa sentimita 37 hivi, na kwenye 1800 MHz ni kama 17. Ndiyo maana unaweza kuweka simu kwenye kona ya meza ikashika, ukaisogeza ukose. Kabla ya kutoka nje kwenye baridi ya Makete, maliza kwanza madirisha yote na vizingiti vyote.

Nondo za dirishani na wavu wa chuma wa mbu navyo hupunguza. Wavu wa nailoni hauna neno. Kama simu iko kwenye kava lenye bamba la chuma au sumaku ya kushikia kwenye gari, itoe ulinganishe.

DALILI: KIJIJI KIZIMA KIKO BONDENI, 4G INAKUJA NA KUPOTEA

Hapa ndipo milima yetu inapotufundisha kitu, na hapa ndipo watu hupoteza nguvu nyingi bure.

Mtu aliye bondeni anajua mnara uko nyuma ya safu ya milima iliyo mbele yake. Akili inamwambia: sogea kuelekea mnara. Basi anatembea hadi kwenye mguu wa ule mlima, na mtandao unapotea kabisa. Anashangaa, kwa kuwa amekaribia. Kilichotokea ni kwamba ameingia ndani kabisa ya kivuli cha mlima. Mawimbi yanayopita juu ya ukingo yanaweza kupinda kidogo kuelekea chini, lakini hayapindi kwa pembe kali. Ukiwa chini kabisa ya ukingo, yanatakiwa yageuke karibu wima ili yakufikie. Ukirudi nyuma, ukavuka mto na kuanza kupanda mteremko wa upande wa pili unaotazamana na mlima ule, pembe inalegea, na namba inaanza kupanda ingawa umezidi kuwa mbali na mnara.

Kwa hiyo bondeni kanuni ya kwanza ni hii: tafuta mteremko unaoutazama mnara, hata kama uko mbali nao. Kanuni ya pili ni kutafuta pengo. Mahali ambapo safu ya milima imekatwa na mto au ina tandiko kati ya vilele viwili, mawimbi hupita chini zaidi. Jiwe maarufu la kijiji mara nyingi ndilo hilo, limekaa kwenye mstari wa pengo. Ukilijua pengo, unaweza kupata sehemu nyingine kwenye mstari uleule, pengine shambani kwako.

Masafa nayo yana neno. Mawimbi ya masafa ya chini, yaani 700, 800 na 900 MHz, hupinda na kupenya majani vizuri kuliko ya 1800, 2100 au 2600. Ndiyo sababu bondeni unaiona herufi E ya 2G imetulia huku 4G inakuja na kupotea. Fungua NetMonster uone uko kwenye masafa gani. Kama kuna kampuni yenye masafa ya chini eneo lako, hiyo ndiyo itakayokufaa, hata kama rafiki yako wa Mbeya mjini anaisifia nyingine kwa kasi. Kasi ya mjini haina msaada kwa mtu wa Ludewa.

Utajuaje mnara uko upande gani? Kama hauonekani kwa macho, tumia mwili wako. Simama mahali pa wazi, mbali na ukuta na gari. Shika simu karibu na kifua, soma namba. Geuka robo duara, subiri, soma tena, hadi umalize mzunguko. Mwili wa binadamu hunyonya mawimbi, hivyo ukiwa umeupa mnara mgongo namba itashuka, na unapoutazama itapanda. Rudia sehemu nyingine hatua chache pembeni, kwa sababu mwangwi kutoka kwenye mwamba unaweza kukudanganya mara moja, lakini si rahisi ukudanganye sehemu mbili kwa namna ileile.

Umbali nao unaweza kuukadiria. Programu kama NetMonster huonyesha TA, namba inayokua kadiri mnara unavyokuwa mbali, kwenye simu zinazoruhusu. Kwa 4G, kila hatua moja ya TA ni mita 78 hivi. TA ikisoma 50, mnara uko kama kilomita 4. Ukiona TA kubwa wakati unajua kuna mnara kilomita moja kutoka hapo, simu yako imeshika mnara mwingine.

Neno moja kuhusu misitu. Kwenye misindano ya Sao Hill au chini ya mikaratusi, hasa baada ya mvua majani yakiwa yamelowa, nguvu hushuka sana. Barabara ya kupitisha magari ya magogo ni mahali pazuri zaidi pa kupigia simu kuliko ndani ya safu za miti, na mashamba ya chai ya Mufindi ni bora kuliko vyote viwili kwa kuwa hayana kitu kirefu.

DALILI: VIJITI VIMEJAA, WHATSAPP INAZUNGUKA TU

Usitoke hapo ulipo. Kwanza hakikisha bando lipo na data imewashwa kwenye laini sahihi. Simu za laini mbili hurudi zenyewe kwenye laini isiyo na bando bila kukuuliza. Washa hali ya ndegeni kwa sekunde kumi na tano, izime, jaribu tena. Kama laini ni mpya au simu imetoka kufutwa, angalia mipangilio ya APN, ile inayoiunganisha simu na intaneti ya kampuni yako.

Kama hayo yote yako sawa, soma namba mbili nyingine: RSRQ na SINR. Hizi hupima ubora. RSRQ ya -10 au bora zaidi ni nzuri, -15 ni dhaifu, na karibu na -20 hakuna kitakachopita. SINR juu ya 20 ni safi kabisa, kati ya 0 na 13 ni ya kubahatisha, chini ya sifuri ni kelele tupu.

RSRP nzuri na ubora mbaya vikikutana, sababu ya kawaida ni msongamano. Siku ya gulio, au saa mbili usiku mjini Njombe, mnara uleule unagawana watu wengi. Jaribu saa kumi na moja alfajiri. Ikienda kama upepo, umepata jibu. Hapo kupanda juu hakusaidii. Kinachosaidia ni kuhamia masafa mengine au mnara mwingine, na wakati mwingine kulazimisha simu iende 3G huku wenzako wote wakigombania 4G.

Sababu ya pili inawashangaza watu wengi: umepanda juu mno. Juu ya kilele cha Mbeya au kwenye ukingo wa Kitulo simu inaona minara mingi sana kwa wakati mmoja, yote ikisikika kwa nguvu karibu sawa, na kila mmoja ni kelele kwa mwenzake. Vijiti vinajaa, SINR inaanguka. Isitoshe, antena za mnara hufanya kazi kama tochi iliyoinamishwa: humulika chini, waliko watu, wala si angani. Teremka kidogo upande mmoja wa kilele ili mlima wenyewe ukukinge na minara ya upande wa pili. Utaona RSRP inashuka na intaneti inaanza kufunguka.

Tochi hiyohiyo inaeleza kwa nini nyumba iliyo jirani kabisa na mnara inaweza kuhangaika. Mnara wa kawaida una pande tatu, kila upande ukihudumia theluthi ya duara. Ukiwa chini ya miguu yake, mwanga unapita juu yako.

DALILI: SAA YA SIMU IMERUDI NYUMA SAA MOJA

Wakazi wa Tunduma, Kasumulu na Ileje wanaijua hii. Unaamka, simu inasema saa kumi na mbili na jua limeshapanda. Kuna herufi R pembeni ya vijiti, na pengine ujumbe wa kukukaribisha Zambia au Malawi. Simu imeshika mnara wa ng'ambo kwa sababu unasikika vizuri kuliko wa kwetu, na nchi zote mbili ziko nyuma yetu kwa saa moja.

Hili ni la kushughulikia haraka, kwani data ya ng'ambo hula salio. Zima kwanza huduma ya data nje ya nchi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya mtandao, zima uchaguzi wa kujiendesha, subiri orodha itokee (inaweza kuchukua dakika kadhaa) na uchague kampuni yako kwa mkono. Ukisafiri kurudi Mbeya, rudisha uchaguzi wa kujiendesha, la sivyo siku ukibadili laini utakaa bila mtandao hujui kwa nini. Sehemu bora ya kusimama mpakani ni ile ambayo jengo au kilima kiko kati yako na nchi jirani.

DALILI: WATU WANASEMA HUPATIKANI, NA SIMU IMEWAKA

Angalia kama una laini mbili. Simu nyingi za laini mbili zina mtambo mmoja wa mawasiliano, hivyo ukiwa unaongea kwa laini ya kwanza, ya pili haipatikani. Huo ni muundo wa simu. Weka huduma ya kuelekeza simu kutoka laini moja kwenda nyingine.

Kama laini ni moja, tatizo mara nyingi ni kuhama kati ya mitandao. Simu isiyopiga kupitia 4G hulazimika kushuka hadi 3G au 2G kila inapopigiwa. Pale ambapo 4G iko ukingoni, kushuka huko hushindikana au huchelewa, na mpigaji anaambiwa hupatikani. Dalili yake nyingine ni intaneti kukatika kila unapopigiwa. Washa huduma ya kupiga kupitia 4G kama simu na laini vinaruhusu. Kama haviruhusu na unasubiri simu muhimu, ya mnunuzi wa viazi kwa mfano, iweke simu kwenye 2G au 3G pekee hadi ipigwe.

DALILI: MENYU YA PESA INAKATIKA KATIKATI

Unabofya *150*00#, unachagua, unaandika namba ya siri, kisha ujumbe wa tatizo la muunganisho. Menyu hizi hazitumii bando. Zinahitaji mazungumzo yasiyokatika kati ya simu na mnara kwa sekunde chache mfululizo, na zina muda maalumu, ukichelewa zinajifunga. Kwa hiyo nguvu ndogo iliyotulia ni bora kuliko kubwa inayoyumba. Tafuta mahali ambapo namba haichezi kwa zaidi ya 2 au 3, weka simu juu ya meza, usiishike kwa kuikumbatia, maana antena ziko kwenye kingo za juu na chini na kiganja huzifunika.

Muamala ukikatika, usirudie papo hapo. Nimependa alivyofanya kijana mmoja wakala, mama mmoja alipotaka arudie kutuma ada ya mwanawe:

"Mwanangu, tuma tena basi, imegoma."

"Mama, subiri kidogo. Tuangalie salio kwanza. Kama imekatwa, ujumbe unakuja."

Salio lilikuwa limeshapungua. Ujumbe ulikuja baadaye.

DALILI: BETRI INAISHA HARAKA KIJIJINI, MJINI INAKAA

Hii si betri mbovu. Mnara ukiwa mbali simu hupaza sauti ili isikike. Kwenye 4G uwezo wake wa juu ni karibu wati 0.2, kwenye 2G ya 900 MHz unafika wati 2. Ikiwa haina mtandao kabisa hutafuta bila kukoma. Usiku weka hali ya ndegeni, au iache kwenye lile dirisha bora ulilolipata.

DALILI: MVUA IKINYESHA, BASI

Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo watu wa Tukuyu wameshazoea kuilaumu. Lakini kwa masafa ya simu, mvua yenyewe na ukungu hupunguza nguvu kidogo sana. Soma namba wakati wa mvua. Ikiwa RSRP haijabadilika na intaneti imekufa, tatizo liko nyuma ya mnara: yale madishi ya duara unayoyaona juu yake huunganisha mnara na mnara kwa masafa ya juu zaidi, na mvua kubwa huweza kuyadhoofisha. Ikiwa namba ya seli imebadilika na nguvu imeporomoka, mnara wako huenda umekosa umeme na simu imehamia wa mbali. Kwa vyote viwili, kusubiri ndiyo dawa.

KAMA KILA MAHALI NI PABAYA, NA WENZAKO WANASHIKA

Hamisha laini yako kwenye simu ya jirani, na yake kwenye yako. Tatizo likifuata laini, nenda kaibadilishe. Laini za zamani nyingine hazikubali 4G. Likibaki kwenye simu, safisha tundu la laini kwa kitambaa kikavu, kisha angalia masafa ambayo simu hiyo inayakubali. Simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, ambazo ndugu hutuletea kwa nia njema, mara nyingi hazina 800 MHz inayotumika huku, hivyo mjini zinakimbia na kijijini zinalala.

UMEPAPATA, LAKINI HUWEZI KUISHI HAPO

Mahali bora huwa ni ncha ya dirisha la stoo au tawi la mti. Si lazima uende nawe. Iache simu moja hapo, ndani ya mfuko wa plastiki kama ni nje, iwashe hotspot, kisha tumia nyingine ukiwa umekaa. Kipande hicho cha mwisho cha WiFi hupita kwenye mlango na ukuta mmoja bila shida. Kwa kupiga, spika ya masikio ya Bluetooth inakupa mita kadhaa. Nyumba inayohitaji intaneti kila siku itafute ruta yenye tundu la antena ya nje, antena ifungwe juu ya paa ikielekea upande ule uliouona kwa kuzunguka na simu kifuani. Vile vifaa vya kukuza mawimbi vinavyouzwa kiholela viepuke: vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na kikuzaji kibovu huvuruga mnara kwa kijiji kizima.

Kama majirani wenye kampuni nyingine wanasoma namba nzuri kuliko zako mahali palepale, unaweza kuhama na namba yako. Huduma hiyo ipo nchini tangu 2017.

Na kama kampuni zote ni kimya, piga 100 ukiwa umefika penye mtandao, uwape huduma kwa wateja jina la kijiji na kitongoji, saa tatizo linapotokea, RSRP, namba ya seli na picha ya skrini. Malalamiko yenye namba hufika kwa fundi. "Mtandao mbaya" huishia kwenye meza ya kupokea simu. Kwa eneo lisilo na mnara kabisa kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya 2006, ambao hutoa ruzuku ili kampuni zijenge vijijini. Barua ipitie serikali ya kijiji na diwani, na iambatane na vipimo vya vitongoji vyote kwa kila kampuni, si vya pale penye jiwe peke yake.